Mafuta ghafi: Kisima hujijaza au hukauka?

MALORI yanapopanga foleni Malaba, Busia au Mutukula, mazungumzo ya madereva na wafanyabiashara hayachelewi kufika kwenye bei ya mafuta. Na tangu Uganda ithibitishe kuwepo kwa mafuta ya kibiashara karibu na Ziwa Albert mwaka 2006, swali jingine limeongezeka: je, mafuta hayo yataisha, au ardhi inaendelea kuyatengeneza?

Swali hili lina fedha ndani yake. Wapo wanaonunua viwanja, kujenga nyumba za wageni na kukopa malori kwa kutegemea Hoima na bomba la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Anayeamini kuwa mafuta hayaishi hukopa kwa moyo tofauti na anayejua kuwa yana mwisho.

Hoja kwamba hayaishi ni ya zamani. Mwaka 1877 mkemia wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alisema mafuta hutokana na kemikali zilizo ndani kabisa ya dunia, si masalia ya viumbe. Mwaka 1951 Nikolai Kudryavtsev wa Urusi ya Kisovieti aliifufua hoja hiyo, na baadaye Thomas Gold wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akaieneza katika nchi za Magharibi. Kwa maoni ya kundi hili, kisima kilichopungua kinaweza kujazwa tena kutoka chini.

Hoja ya Gold ilipimwa Sweden. Mwaka 1986 uchimbaji ulianza Siljan, kwenye mwamba mgumu ambao kwa kawaida hautarajiwi kuwa na mafuta. Kisima kilipita kina cha kilomita sita. Kilichotoka ni tope lenye mafuta kidogo, na wakosoaji walisema lilitokana na vimiminika vya kuchimbia. Mafuta ya kuuza hayakupatikana.

Upande wa pili una ushahidi mzito zaidi. Katika miaka ya 1930, mkemia Mjerumani Alfred Treibs alikuta ndani ya mafuta ghafi chembechembe za jamii ya klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea. Mwani na viumbe vingine vidogo hufa, huzama na kufunikwa na matope. Vikishafukiwa kilomita kadhaa, joto la kati ya nyuzi 60 na 120 huvigeuza kuwa mafuta. Kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka. Kwa hiyo ardhi haijaacha kutengeneza mafuta, ila binadamu huyachoma kwa kasi isiyolingana nayo hata kidogo.

Mafuta ya Albert yenyewe yana alama ya asili yake. Yana nta nyingi, jambo la kawaida kwa mafuta yaliyotokana na matope ya maziwa ya kale. Nta hiyo huganda yanapopoa, ndiyo maana bomba la Tanga ni la kupashwa joto njia nzima, na gharama yake ni kubwa.

Hata hivyo, kutabiri mwisho si kazi rahisi. Mwaka 1956 mwanajiolojia M. King Hubbert alisema uzalishaji wa Marekani ungefika kilele karibu mwaka 1970. Ikawa hivyo. Lakini mbinu mpya za kupasua miamba ziliuinua tena, na kufikia mwaka 2018 rekodi hiyo ilikuwa imevunjwa. Bei ikipanda na mbinu zikiboreka, mafuta yaliyoachwa jana huchimbwa leo.

Kwa Uganda, makadirio ni mapipa bilioni 6.5 ardhini, lakini yanayoweza kutolewa ni takriban bilioni 1.4. Kwa mapipa 230,000 kwa siku, kiwango cha juu kinachopangwa, hiyo ni chini ya miaka 17. Kwa kuwa visima hupungua nguvu taratibu, mafuta yatatoka kwa miaka mingi zaidi, ila kwa kiasi kinachozidi kushuka.

Mkopo wa lori wa miaka mitano unaingia ndani ya hesabu hiyo. Hoteli ya kurejesha mtaji kwa miaka thelathini inahitaji wateja wengine: wa mahindi, samaki, kahawa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.