Visu vya ‘komando’ vya Gikomba: tazama chuma na kifungio, usitazame sura

Ukipita Eastlands ya Nairobi siku hizi, kuanzia vibanda vya Gikomba hadi vichochoro vya Eastleigh, utaviona visu vya kukunja vimepangwa mezani pamoja na tochi, chaja za simu na miwani ya jua. Ni vyeusi tititi au vya rangi ya sare za jeshi. Vina matundu kwenye ubapa, meno ya msumeno nusu ya makali, na kidude cha chuma chenye ncha kwenye kitako. Wauzaji huviita visu vya komando. Wanaovinunua wengi ni vijana, na miongoni mwao wamo wana wetu wa Mombasa, Kilifi, Malindi na Lamu waliokwenda bara kutafuta riziki au kufuata mzigo wa biashara.

Kisu si kitu kigeni kwetu. Wavuvi wanakitumia, wauza madafu wanakitumia, mafundi wa umeme wanachunia waya, na kila nyumba ya Mwislamu inakihitaji Idi ya kuchinja ikifika. Kwa hivyo swali si kama kisu ni halali. Swali ni je, hiki unachouziwa ni kisu cha kazi, au ni sura ya kisu? Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukichambue kipande kwa kipande.

Namba iliyochongwa kwenye ubapa

Jambo la kwanza utakaloonyeshwa ni namba. Vingi vimechongwa “440” au neno “stainless”, na muuzaji atakwambia hicho ni chuma cha Marekani kisichopata kutu milele.

Ukweli ni huu. Chuma cha pua kisichoshika kutu upesi huwa kimechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5 hivi. Kinachofanya makali yakae ni kaboni. Katika familia ya 440 kuna madaraja matatu: A, B na C. Daraja A lina kaboni kati ya asilimia 0.60 na 0.75, daraja C lina kati ya asilimia 0.95 na 1.20. Tofauti hiyo ni kubwa kwenye makali. Sasa namba 440 isiyokuwa na herufi mbele yake inakwambia nini? Haikwambii kitu. Na isitoshe, mashine ya kuchonga namba haiulizi chuma kilichoko chini yake. Visu vingi vya bei ya chini hutengenezwa kwa chuma cha daraja la 420, chenye kaboni kidogo zaidi. Hicho hakipati kutu kwa urahisi, lakini ukikata kamba mara kumi tu makali yameshalala.

Wako wanaotembea na sumaku, wakidhani kisu kikinaswa si cha pua. Kipimo hicho kitakupoteza. Sufuria nyingi za pua hazinaswi, ni kweli, lakini chuma cha pua kinachofaa kwa visu hunaswa na sumaku, kizuri na kibaya sawasawa.

Moto ndio siri

Chuma kizuri kisichopikwa vizuri ni bure. Kisu hutiwa moto mpaka kiive rangi, kikazamishwa kwenye mafuta au kikapozwa kwa hewa kulingana na aina ya chuma, hapo kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Halafu hurudishwa kwenye moto wa kiasi ili ugumu upungue kidogo na chuma kipate uvumilivu. Akikosea fundi upande mmoja, makali yanapinda. Akikosea upande wa pili, yanameguka. Viwanda hupima ugumu huo kwa kipimo cha Rockwell, na kisu kizuri cha mfukoni huwa kati ya 56 na 60 hivi.

Wewe sokoni huna mashine hiyo, lakini tupa inatosha. Pitisha pembe ya tupa polepole karibu na makali, upande wa mpini. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikila na kuacha mkwaruzo mzito, chuma ni laini. Muuzaji asiyekubali tupa iguse bidhaa yake amekwisha kukujibu.

Kifungio: hapa ndipo vidole vinapopotea

Kisu cha kukunja kina bawaba, na kila bawaba ina udhaifu. Kinachozuia ubapa usikufungikie vidoleni ni kifungio. Katika visu vingi vya komando kifungio ni bamba jembamba lililo ndani ya mpini. Ukifungua kisu, bamba hilo huruka upande na kukaa nyuma ya mkia wa ubapa, likauzuia usirudi. Likiwa la chuma kinene na limekaa sawasawa, ni kifungio kizuri. Likiwa jembamba kama bati la kopo, au likigusa mkia kwa ukingo tu, litateleza siku utakapokandamiza kwa nguvu.

Jaribu hivi kabla ya kulipa. Fungua kisu, shika mpini kwa pande zake mbili, vidole vyote viwe mbali na njia ya ubapa. Weka mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza ya mbao, kandamiza. Kikijikunja, kirudishe mezani. Halafu shika ubapa kwa mgongo na ujaribu kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza kikiwa kipya, baada ya mwezi utakuwa mlango wa banda. Tazama pia pini ya bawaba. Ya skrubu hukazwa tena ikilegea, lakini iliyogongwa kwa ribiti haina dawa. Mwisho, kikunje, uangalie kama ncha na makali vimezama ndani ya mpini vyote. Ncha ikichungulia, itakuchoma paja ukiwa ndani ya matatu.

Vile vinavyofyatuka vyenyewe kwa springi, ukibonyeza kidogo tu, viache. Springi haijui kama kidole chako kimegusa kwa makusudi au ni mfuko uliobana.

Sura na kazi

Sasa tuje kwenye urembo. Rangi nyeusi kwenye visu vya bei ya chini mara nyingi ni rangi tu. Hutoka vipande, na havifai kukatia embe la mtoto. Matundu kwenye ubapa hupunguza uzito kidogo, lakini hukusanya nyama na magamba ya samaki, na kuyasafisha ni kazi. Ubapa wa milimita nne au zaidi unaonekana wa kiume mezani, ila ukikata karoti unaipasua kama shoka linavyopasua kuni. Kisu cha mfukoni cha milimita mbili hadi tatu, kinachokonda vizuri kuelekea makali, hukata kwa nguvu ndogo, na nguvu ndogo maana yake ni ajali chache.

Meno ya msumeno yana haki yake. Baharini, kamba ya nailoni iliyolowa hukatwa upesi na meno kuliko makali laini. Lakini kwenye kinoo cha nyumbani meno hayo hayanoleki, kwa hivyo asiye baharia anabeba nusu ya kisu asiyoweza kuinoa. Ile ncha ya kitako ya kuvunjia vioo vya gari ingesaidia siku ya ajali kama ingekuwa ya chuma kigumu. Nyingi ni alumini iliyopakwa rangi.

Linganisha na kisu cha Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani barani Afrika, wakati Tanganyika ikiwa mojawapo, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Baadaye kazi ikahamia Afrika Kusini. Mpini wa mbao, ubapa mwembamba wa chuma cha kaboni, kifungio cha mgongoni. Hakina urembo wowote wa kijeshi, na kimedumu zaidi ya miaka 100 kwa sababu kinakata na kinanoleka. Hata hivyo nacho kimeingia mikononi mwa wahuni huko Afrika Kusini na hata Jamaika, ishara kwamba uovu haukai kwenye chuma.

Hatua chache tu, Kamukunji

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba kijana anayenunua kisu cha komando Gikomba yuko mwendo wa miguu tu kutoka kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Shauri Moyo. Huko ndiko nyundo hazinyamazi, wanakofua majiko, masanduku, makarai na zana za ukulima. Wahunzi wa jua kali hutengeneza visu kutokana na springi za malori yaliyochakaa. Chuma cha springi kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na kilichaguliwa tangu mwanzo kwa uvumilivu, kwani kimebeba tani za mizigo kwenye mashimo ya barabara zetu. Mhunzi anayejua moto wake akikigeuza kuwa kisu kisichokunjwa, kitashinda vingi vinavyong'aa mezani. Hakina bawaba, kwa hivyo hakuna cha kulegea.

Kina kasoro moja kubwa kwetu sisi watu wa pwani: kinashika kutu. Nairobi hewa ni kavu, lakini ukikileta Mombasa au Lamu, hewa ya chumvi itakitia madoa usiku mmoja tu. Dawa yake ni kukifuta kikauke na kukipaka mafuta kidogo, hata ya nazi. Asiyekuwa na subira hiyo, na hasa mvuvi, bora atafute cha pua.

Kwa kuchinja, kisu cha namna hii ndicho kinachofaa. Cha kukunja damu huingia kwenye bawaba na haitoki yote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tunoe kisu na tumpunguzie mnyama mateso; hilo halitimizwi na ubapa mfupi wenye meno. Imepokewa pia kwamba alikataza kupokezana upanga ukiwa nje ya ala. Kwa hivyo kisu kisichokunjwa na kisicho na ala hakijakamilika. Agiza ala ya ngozi. Mafundi wa ngozi wa Kariokor hawako mbali. Mababu zetu wa Siyu, kisiwani Pate, walisifika kwa kazi zote mbili, chuma na ngozi, na hawakuzitenganisha.

Kile asichokwambia muuzaji

Tusifichane. Vijana wengi hawanunui kisu hiki kwa ajili ya embe. Wananunua kwa hofu. Anayetoka Umoja au Dandora alfajiri kwenda kazini anaogopa ngeta, na huku kwetu Kisauni na Likoni tumeona yaliyoletwa na magenge ya mapanga. Hofu hiyo ni ya kweli na siidharau.

Lakini kisu cha kukunja ni mlinzi mbaya. Lazima ukitoe, ukifungue, kifungio kishike, na yote hayo wakati mtu amekwisha kukukaba kwa nyuma. Kikiteleza, kinakata vidole vyako. Ukinyang'anywa, umempa adui silaha aliyokuwa hana. Na ukinusurika hayo, kuna sheria. Kumiliki kisu si kosa. Ila Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 308, inasema atakayepatikana na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha alikusudia kutenda kosa kubwa anaweza kufungwa miaka isiyopungua 7 na isiyozidi 15. Sasa fikiria askari wa doria usiku anapotoa mfukoni mwa kijana kisu cheusi chenye meno na fuvu la kichwa limechorwa kwenye mpini. Kisu chenyewe kimeshaanza kumtolea ushahidi. Kisu cha mpini wa mbao ndani ya mkoba wa vifaa vya kazi kinasimulia habari nyingine kabisa.

Na kama unapanga kurudi nacho nyumbani kwa Madaraka Express, jua kwamba pale Syokimau mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda, na visu havipiti. Pesa yako itabaki stesheni.

Kwa muhtasari, msomaji wangu: chagua ubapa usio na urembo, kifungio kilichojaribiwa mezani, bawaba ya skrubu, na makali yanayonoleka kwa kinoo chako. Wa kazi nzito na wa kuchinja, nendeni kwa mhunzi na muagize na ala. Wazazi nanyi, mkikuta kisu cha komando chini ya mto wa kijana, msianze na kofi. Muulizeni anaogopa nini, na anaogopa njia gani na saa ngapi. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, ili ukimkata ajifunze. Kwa wembe huu, somo lenyewe laweza kuwa la miaka saba.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.