Mbeleko yetu mjini Seoul

Tulipoishi Seoul, nchini Korea Kusini, mke wangu alikuwa masomoni. Mimi nikabaki na binti yetu wa miaka miwili. Kila Jumamosi tulikwenda Children's Grand Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1973. Wanyama wamo, na kiingilio hakuna.

Siku moja alichoka, nikambeba mgongoni kwa kitenge. Bibi mmoja akacheka, akanikazia fundo. Kumbe nao wana mbeleko yao, podaegi! Akamsemesha mtoto; binti akamjibu kwa Kikorea.

Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu. Mimi niliyesomea ukimbizini najua mtoto anavyorudi kwao akawa bubu mbele ya bibi yake. Tangu jioni ile, nyumbani ikawa Kirundi tu.

Leo, hapa Bujumbura, anamtania bibi yake bila mkalimani.