Kusasisha Programu Ndani ya Kifua cha Mgonjwa

Mtunza kumbukumbu wa zahanati akijaribu kuweka toleo jipya la programu ilhali programu hiyo ingali wazi, kompyuta ya Windows aghalabu humkatalia na kumtaka aifunge kwanza. Katazo hilo lina maana. Programu inapotumika, kompyuta hurejea kwenye faili lake mara kwa mara kuchukua maagizo inayoyahitaji. Faili likibadilishwa katikati ya kazi, maagizo ya zamani na mapya huchanganyika, na programu yaweza kukwama. Hivyo tunaifunga, tunaisasisha, kisha tunaiwasha upya.

Je, programu hiyo ikiwa imo katika kifaa cha kurekebisha mapigo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo? Kwa mgonjwa ambaye moyo wake unakitegemea kabisa, hakuna nafasi ya kukizima na kusubiri.

Swali hilo liliwakabili madaktari wa Marekani mnamo Agosti 2017, wakati mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilipotangaza sasisho la vifaa vya kampuni ya Abbott vipatavyo 465,000 nchini humo. Ilikuwa imebainika kwamba mtu mwenye nia mbaya angeweza, kwa mawimbi ya redio, kubadilisha mpangilio wa kifaa au kumaliza betri yake. Hapakuwa na taarifa ya mgonjwa aliyedhurika kwa njia hiyo.

Kazi yenyewe ilihitaji mgonjwa afike kliniki na ilichukua takriban dakika 3. Katika muda huo kifaa kiliingia katika hali ya akiba, kikiusukuma moyo kwa mapigo 67 kwa dakika, huku programu ikibadilishwa. Baada ya hapo kilirejea kwenye mpangilio wake wa kawaida. Sasisho lisipokamilika, kifaa kingeweza kurudishiwa toleo la zamani. Uzoefu wa masasisho ya awali ulionyesha kwamba vifaa vilivyopoteza uwezo wote wa kufanya kazi vilikuwa asilimia 0.003, yaani 3 katika kila 100,000.

Hatari hiyo ni ndogo, lakini haikupuuzwa. FDA haikushauri vifaa viondolewe. Ilishauri daktari na mgonjwa wapime pamoja faida na madhara. Aidha, kwa wanaokitegemea kifaa kabisa, kazi ifikiriwe kufanyiwa mahali penye kifaa cha muda cha kurekebisha mapigo na uwezo wa kubadilisha kile cha kudumu.

Mhudumu wa afya na ajiulize kabla ya kusasisha kifaa chochote kinachomhudumia mgonjwa: nini kitashika kazi kwa dakika hizo? Zoezi likikatika njiani, tutarudi wapi? Nani yupo karibu wa kuokoa? Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza maswali hayo hayo, na kuyapatia majibu kabla ya kuridhia.