Okapi wa Virunga: namna kamera iliyofungwa kwenye mti ilimaliza mashaka ya miaka 49

Wakaaji wengi wa Kongo wanamfahamu okapi kwa jina na kwa mchoro tu. Yumo kwenye nembo ya ICCN, taasisi ya serikali yenye kulinda mbuga, na Radio Okapi inaitwa kwa jina lake. Wenye kumwona porini kwa macho yao ni wachache. Katika mbuga ya Virunga, jimbo la Kivu Kaskazini, mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka wa 1959. Baada ya hapo ikawa kimya, na hakuna aliyeweza kuhakikisha kama bado yupo.

Jibu lilikuja mwaka wa 2008, na lililetwa na kamera isiyo na mpiga picha. ICCN pamoja na shirika la Uingereza, Zoological Society of London, walifunga kamera kwenye miti katika sehemu ya kaskazini ya mbuga, upande wa mto Semliki, kisha alama za okapi kuonekana huko mwaka wa 2006. Kamera zikatoa picha za okapi watatu. Watafiti walijua ni watatu kwa sababu mistari myeupe ya mapajani haifanani kwa okapi wawili, sawa na vile alama za vidole vya watu hazifanani.

Kwa nini kamera na si mtu? Okapi, jamaa wa twiga, anatembea peke yake ndani ya msitu mzito. Masikio yake makubwa yanasikia hatua za mtu kutoka mbali, na rangi yake ya kahawia yenye mistari inamficha katikati ya vivuli vya majani. Mtu mwenye kumfuata na kamera mkononi anaweza kumaliza wiki nzima akiona nyayo tu.

Kamera ya kutega haichoki. Inafungwa chini kwenye shina la mti, ikitazama njia ya wanyama. Ndani yake kuna kifaa chenye kuhisi joto la mwili linapopita. Hapo kamera inapiga picha yenyewe, mchana na usiku, na kuandika tarehe na saa. Mwenye kuifunga anapaswa kukata kwanza majani ya mbele, kwa sababu tawi lenye kutikiswa na upepo katika jua linaweza kujaza kadi na picha zisizo na mnyama. Unyevu na sisimizi huiharibu pia. Na kila mara lazima mtu arudi kwa miguu kubadilisha batri na kuchukua kadi.

Ni hapo kazi inakuwa ya hatari. Tangu 2014 wakaaji wa Beni wameuawa kwa wingi katika mashambulizi ya makundi yenye silaha, na msitu wa Semliki ni mahali ambapo makundi hayo yanajificha. Katika Virunga nzima, walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha kazini tangu mbuga iundwe mwaka wa 1925.

Okapi mwenyewe haishi porini katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Jina lake la kisayansi lilitolewa mwaka wa 1901, kutokana na ngozi na mafuvu yaliyopatikana upande huo huo wa Semliki, ijapokuwa watu wa msitu walimjua tangu zamani. Mama anabeba mimba zaidi ya miezi 14 na kuzaa mtoto mmoja. Kwa hiyo kila okapi anayenaswa kwenye waya wa wawindaji ni pengo lenye kuchukua miaka kuzibwa. Huko Epulu, jimbo la Ituri, wenye silaha walishambulia kituo mwezi wa sita 2012. Watu waliuawa, na okapi wote 14 waliofugwa pale wakaisha.

Picha za kamera zinasaidia kuonyesha mahali gani walinzi wapeleke nguvu zao. Lakini picha hiyo hiyo inaweza kumsaidia mwindaji. Simu nyingi za leo zinahifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mkaaji mwenye kukutana na mnyama adimu anaweza kuzima huduma hiyo kabla ya kupiga, kukaa mbali bila kumfukuza, na kupeleka habari kwa walinzi mbele ya kuitupa kwenye mitandao.

Okapi watatu wa 2008 walionekana kwa sababu mtu aliweza kuingia msituni, kufunga kamera na kurudi salama. Pale mlinzi hawezi kufika, kamera haifungwi, na waya za wawindaji hazina wa kuziondoa.