Sifnos

Sifnos (kwa Kigiriki: Σίφνος) ni kisiwa cha Ugiriki katika Bahari ya Aegean, kimojawapo cha visiwa vya Cyclades. Eneo lake ni takriban km² 74 na wakazi wake hawafiki 3,000. Makao makuu ni Apollonia, mji uliojengwa vilimani. Bandari ni Kamares, upande wa magharibi. Kisiwa hakina uwanja wa ndege, hivyo wageni hufika kwa meli, hasa kutoka Piraeus.

Historia

Zamani Sifnos ilitajirika kwa dhahabu na fedha. Mnamo mwaka 525 KK wakazi wake walikuwa na uwezo wa kujenga hazina ya marumaru huko Delphi, na mabaki ya sanamu zake bado yanaonekana katika makumbusho ya huko. Herodoto anasimulia kwamba watu wa Samos walikivamia kisiwa na kukitoza talanta 100. Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 BK, anadai bahari iliifunika migodi kwa sababu wenyeji waliacha kumtolea Apollo zaka. Hiyo ni imani ya wakati wake, ila ni kweli kwamba baadhi ya mashimo ya pwani yamejaa maji.

Ufinyanzi

Dhahabu ilikwisha, udongo ukabaki. Udongo wa Sifnos hustahimili moto mkali, kwa hiyo vyungu vyake vya kupikia vilinunuliwa katika visiwa vingi. Katika karne ya 19, hofu ya maharamia ilipopungua, wafinyanzi walihamishia karakana zao pwani, kama Vathi na Kamares, ili mizigo ipakiwe mashuani moja kwa moja. Wengine walihamia bara na kuendeleza kazi hiyo huko. Baadaye sufuria za alumini na vyombo vya plastiki viliwanyang'anya soko. Karakana zilizobaki hutengeneza vyungu, mitungi na vifuniko vya dohani vyenye matundu, ambavyo huonekana juu ya nyumba nyingi kisiwani.

Vyakula

Chungu na chakula haviachani hapa. Chakula maarufu zaidi ni revithada, yaani supu ya dengu. Dengu hizi ni zile kubwa za rangi ya manjano, si ndengu za kijani zinazoliwa Kenya. Hulowekwa, kisha hutiwa chunguni pamoja na vitunguu, mafuta ya zeituni na maji. Wapishi wengi husisitiza maji ya mvua, kwa kuwa maji magumu huzuia dengu zisilainike. Jumamosi jioni chungu huingizwa katika tanuri la kuni na kuachwa usiku kucha. Jumapili, baada ya ibada, huliwa na ndimu. Kwa Pasaka hupikwa mastelo: nyama ya kondoo au mbuzi iliyopangwa juu ya vijiti vya mzabibu, ikatiwa divai nyekundu na shibiti. Jina hilo ni la chungu chenyewe pia.

Nikolaos Tselementes, mpishi mwenye asili ya Sifnos, aliandika kitabu cha mapishi kilichosambaa mno hata jina lake likawa neno la Kigiriki la kitabu cha aina hiyo.

Utalii

Wageni ni wengi Julai na Agosti. Anayetaka kuwaona wafinyanzi kwa utulivu afadhali afike Mei au Septemba. Mwaka 2024 shirika la Europa Nostra liliiweka Sifnos, pamoja na Serifos na Folegandros, katika orodha ya urithi wa Ulaya ulio hatarini zaidi, kwa sababu ya ujenzi wa kitalii uliozidi katika visiwa hivyo vidogo, ambavyo maji yake ni haba.