BONDE NI MOJA: MAJI YA KILIMANJARO HADI PANGANI

Neno "bonde" hutajwa mara nyingi katika mikutano ya vyama vya msingi, lakini si wote walitumiao humaanisha kitu kimoja. Mkulima wa kahawa aishiye mgongoni mwa Kilimanjaro husema kwamba bonde liko chini, kwa wenye mpunga. Kwa mujibu wa elimu ya jiografia, yeye pia yumo bondeni. Tofauti hiyo huweza kuzaa ugomvi wa maji, hivyo hapana budi ielezwe.

Katika mazungumzo ya kila siku, bonde ni ardhi ya chini iliyo kati ya vilima au milima. Bonde la mto ni kubwa zaidi. Ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha juu yake, maji huishia katika mto mmoja. Vilele, miteremko, makorongo, tambarare na vinamasi vyote huhesabiwa humo. Mpaka wake ni mstari wa miinuko unaoyagawa maji. Sehemu ya maji ya miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro huelekea Mto Tsavo nchini Kenya, ilhali maji ya miteremko ya kusini huingia katika Bonde la Mto Pangani.

Wengi huamini kwamba mito hiyo huzaliwa na barafu ya Kibo, kilele chenye urefu wa mita 5,895. Sivyo. Kati ya mwaka 1912 na 2000 zaidi ya robo tatu ya barafu hiyo ilitoweka, na mchango wake katika mito ni mdogo mno. Mama wa mito ni msitu. Katika ukanda wa msitu upande wa kusini, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka katika baadhi ya sehemu, hali mji wa Moshi ulio chini haupati hata nusu ya kiasi hicho. Udongo wa msituni na miamba ya volkano hunywa maji hayo, kisha huyatoa polepole katika chemchemi zilizo chini ya mlima. Kwa hiyo mtu akataye miti huko juu huipunguza chemchemi asiyoiona.

Kutoka milimani, maji hushuka kwa njia mbili kubwa. Mto Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro, na Mto Ruvu huja kutoka upande wa Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Yote miwili huingia Nyumba ya Mungu. Hapa yafaa kutofautisha maneno. Jipe ni ziwa, kwa kuwa liliumbwa na maumbile. Nyumba ya Mungu ni bwawa, kwa kuwa maji yake yamezuiwa na ukuta uliojengwa na watu katika miaka ya 1960. Chala nalo ni ziwa, ila limekaa ndani ya shimo la volkano, hulishwa na maji ya chini ya ardhi, wala halina mto utokao juu ya nchi.

Kutoka bwawani Mto Pangani huvuka nyika, hupokea maji ya Mkomazi na Luengera, huendesha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi. Mto unapodhoofika, maji ya bahari hupanda kwa kupitia mlango wake, na mashamba ya kando huingiwa na chumvi. Mnazi wa Pangani na mgomba wa Kibosho hutegemea mvua ileile.

Mfano ulio karibu ni mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ukitegemea mito ya Njoro na Rau. Faida ya mpunga ilipoonekana, wakulima wa sehemu za juu za mito nao wakaanza kuulima, na maji yaliyofika mradini yakapungua. Haikuhitajika hila ya mtu yeyote. Mto ni mmoja, na aliye juu huchota kwanza.

Wazee waliochimba mifongo ya Uchaggani waliyajua hayo, ndiyo maana waliweka zamu za maji na siku za kusafisha mifereji. Sheria za leo zafuata njia hiyohiyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaziwezesha jumuiya za watumiaji maji kugawana na kusuluhishana.

Bodi ya kila chama yafaa ichore ramani nyepesi ya eneo lake, ionyeshe chemchemi, vijito, mifereji na mabwawa, tena itaje chama kilicho juu yake na kilicho chini yake. Ramani hiyo iwekwe mezani kabla ya shauri lolote la maji kuamuliwa, na wajumbe wa vyama hivyo viwili waalikwe. Jirani wa chama katika maji ni yule anywaye mto mmoja nacho, hata kama mashamba yao hayapakani.