Mababi Walilipa, Sun Belt Ikawachapa

Wasee, leo tuwache EPL ipumue kidogo. Hii stori ni ya futa ya Wamarekani, ile ya helmeti na mabega ya plastiki. Na sio NFL, yenye kila mtu hujifanya anaijua Super Bowl ikifika. Hii ni ya makomredi wa kampo. Huko majuu futa ya machuo si mchezo. Jumamosi mji mzima unahamia stedi, na kuna stedi zinameza watu kuliko Kasarani na Nyayo ukiziunganisha.

Huko pia kuna mababi na kuna wasee wa kusota. Machuo zimejipanga kwa makundi yanaitwa konferensi, na kila konferensi iko na ligi yake, bingwa wake na dili yake ya TV. SEC na Big Ten ndio mababi wenyewe, doo ya TV inawamwagikia hadi wanakosa pa kuiweka. Chini yao kuna konferensi ndogo zenye hukula makombo, na hapo ndio utapata Sun Belt. Ofisi iko New Orleans, na timu zake nyingi ziko kwa miji midogo ya kusini yenye wengi wetu hatuwezi onyesha kwa ramani. Walianza futa 2001. Mwaka huo bingwa wao, North Texas, alienda kucheza gemu ya mwisho wa msimu akiwa ameshinda 5 na kuchapwa 6. Huyo ndiye bingwa, imagini! Kwa miaka mingi ukitaja Sun Belt, watu walikuwa wanacheka kwanza ndio wanauliza ni timu gani.

Halafu ikafika Jumamosi, Septemba 10, 2022, wiki ya pili ya msimu. Kicheko ikakauka.

Gemu ya kununuliwa

Kwanza shika vile hii biashara hufanya kazi. Mwanzo wa msimu, kabla gemu za konferensi zianze, mababi huita timu ndogo ikuje kwao. Timu ndogo inapewa chapaa nono ikuje, inyoroshwe, ichukue cheki irudi mtaa. Babi anapata ushindi wa bure, mafani wake wanapata sherehe, tiketi zinauzwa. Timu ndogo nayo inalipia spoti za chuo nzima na hizo doo, hadi waogeleaji. Hakuna mtu hulia, juu kila mtu anajua vile stori huisha.

Hiyo wiki Texas A&M ilikuwa imelipa Appalachian State dola milioni 1.5, na kwa rate ya wakati huo hiyo ni kitu shilingi milioni 180. Notre Dame ilitoa milioni 1.25 kwa Marshall. Nebraska ikatoa kama milioni 1.4 kwa Georgia Southern. Piga hesabu: zaidi ya dola milioni 4 zimetoka kwa mifuko ya mababi, timu 3 za Sun Belt zikuje zilale.

Zikakuja, lakini kulala zikakataa. Ni kama kuita DJ kwa birthday yako, umlipe vizuri, halafu ahepe na keki na manzi.

Usiku wenyewe

Saa tatu na nusu usiku ya hapa Nai, Marshall walianza na Notre Dame, namba 8 kwa nchi, kwao South Bend. Marshall wanatoka Huntington, West Virginia, na Sun Belt walikuwa wameingia Julai hiyo hiyo. Kama umewahi cheki We Are Marshall, ile muvi ya Matthew McConaughey, hiyo chuo unaijua. Novemba 1970 ndege yenye ilibeba timu ilianguka, watu wote 75 wakaenda, na timu ikajengwa upya kutoka ziro. Sasa cheki: robo ya mwisho, Notre Dame wako mbele 15-12, na Marshall wamebanwa huko nyuma kwa laini yao. Wakatembeza mpira pole pole, yadi 94, hadi wakaingia. Notre Dame kujaribu kujibu, Steven Gilmore akanyakua pasi hewani na akahepa nayo yadi 37 hadi mwisho. Wenyeji wakapata moja ya kujifariji, lakini ikaisha 26-21.

Hiyo ikiendelea, Texas nako kulikuwa kunawaka. Texas A&M walikuwa namba 6. Stedi yao, Kyle Field, inabeba zaidi ya watu laki moja, na kochi wao Jimbo Fisher alikuwa anakunja kama dola milioni 9 kwa mwaka. Appalachian State, ama App State vile mafani huiita, ni chuo ya Boone, mji mdogo wa milimani North Carolina. Wiki moja kabla walikuwa wamechapwa na North Carolina 63-61, gemu ya vurugu tupu. Ungedhani watakuja Texas kurusha mpira kila mahali tena. Wapi! Walikuja na mpango wa kunyima babi mpira. Kati ya dakika 60 za gemu, App State walikaa na mpira zaidi ya 41. Walicheza mara 82, A&M mara 38 pekee. Nyota wa A&M walikuwa wamesimama kando na helmeti mkononi, wakingoja zamu yenye haifiki. Kitu iliwaokoa kidogo ni Devon Achane, mwenye aliudaka mpira wa kuanzia akatoka nduki yadi 95. Ngoma ikawa 14-14. Dakika kama nane zikibaki, Michael Hughes akapiga mkwaju wa pointi 3. Babi akajaribu wake, ukaenda nje. App State wakachukua mpira na hawakuurudisha hadi saa ikaisha. 17-14, na laki moja ya watu wamenyamaza.

Saa nane na nusu usiku, wakati wewe ulikuwa unasaka mat ya mwisho, Georgia Southern nao wakaingia Lincoln, kwao Nebraska. Nebraska hawakuwa wamewahi kupoteza nyumbani wakifunga pointi 35 na kuendelea. Hiyo rekodi ilikuwa gemu 214 kwa ziro. Siku hiyo walifunga 42. Georgia Southern wakafunga 45. Sekunde 36 zikibaki, kwotabeki Kyle Vantrease, mwenye alikuwa amerusha pasi siku nzima, akaubeba mwenyewe yadi 8 akaingia nao. Kochi wa Georgia Southern alikuwa Clay Helton, msee mwenye USC, babi wa Los Angeles, walikuwa wamemfuta mwaka mmoja kabla. Kesho yake Nebraska nao wakamfuta kochi wao, Scott Frost. Kumtoa siku hiyo iligharimu dola milioni 15. Wangengoja hadi Oktoba mosi wangelipa nusu. Wiki tatu tu! Hasira ilikuwa imefika hapo.

Hii si bahati

Kuna watu waliita hiyo Jumamosi ajali. Hao ni watu hawakuwa wanacheki. Septemba 2020, kwa siku moja, Louisiana walichapa Iowa State 31-14, Arkansas State wakalamba Kansas State 35-31, na Coastal Carolina wakamaliza Kansas 38-23. Hizo zote tatu ni timu za Big 12, konferensi ya wenye nazo. Rudi nyuma zaidi, 2007, App State wakiwa bado daraja ya chini, waliingia Michigan, namba 5 kwa nchi, wakatoka na 34-32. Mkwaju wa mwisho wa Michigan ulizuiwa kwa mkono. Usiku huo makomredi wa Boone waling'oa milingoti ya goli kwa stedi yao wenyewe, na gemu haikuwa hata imechezwa hapo.

Kitu Sun Belt walifanya vizuri ni kuchagua marafiki. Wakati mababi walikuwa wanafukuza doo ya TV, ramani ilichapwa hadi ikachanganyikiwa. Juni 2022 USC na UCLA, machuo za Los Angeles, zilitangaza zinaenda Big Ten, kundi moja na Rutgers ya New Jersey. Bahari hadi bahari, ndio mtoi wa kampo acheze gemu ya ligi. Sun Belt, chini ya bosi wao Keith Gill, mwenye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza konferensi ya daraja ya juu, wakaenda njia ingine. Timu za mbali kama Idaho na New Mexico State zilikuwa zimeshatolewa. Wakaita majirani: Marshall, Old Dominion, Southern Miss na James Madison. Zikawa timu 14, mastate 10, na mafani wanaweza kuingia moti waende kutusi jirani, warudi kesho yake.

Na hao majirani na wenyeji wao hawakuwa mafala. App State walikuwa wamebeba ubingwa wa daraja ya chini miaka mitatu mfululizo, 2005 hadi 2007. Georgia Southern walikuwa nao 6. James Madison 2. Hizi ni machuo zilizoea kushinda kabla zipate pesa, na mafani wao wanachukiana kitambo. Ukiweka watu kama hao kwa kundi moja, kila wiki ni vita, na ukizoea vita kila wiki, stedi ya laki moja haikutishi.

Vibe nayo ni yao. Mafani huiita Fun Belt. Coastal Carolina wanachezea nyasi ya rangi ya bluu-kijani, na 2020 wachezaji walifuga nywele za mullet, fupi mbele, ndefu nyuma, hadi ikawa nembo ya msimu. Mwaka huo gemu yao na BYU ilisetiwa Alhamisi, ikachezwa Jumamosi, na BYU wakasimamishwa yadi moja kabla ya laini, 22-17. Boone, ile usiku ya Texas A&M, watu walijaa King Street na makomredi wakaruka ndani ya bwawa la bata la chuo. Wiki iliyofuata ESPN ikahamisha GameDay, ile shoo kubwa ya Jumamosi asubuhi, hadi huko milimani.

Heshima haiji na waranti

Na App State waliwapa ESPN shoo. Wakiwa nyuma na sekunde za mwisho zinaisha, Chase Brice alirusha mpira mrefu wa sala, Christan Horn akaupata akaingia, wakachapa Troy 32-28. Boone ikapagawa tena.

Lakini wacha tusidanganyane. Wiki hiyo hiyo Marshall walilambwa na Bowling Green, na Georgia Southern wakanyoroshwa na UAB. App State wenyewe walimaliza msimu na ushindi 6 na vichapo 6, na hata gemu ya mwisho wa mwaka hawakuitwa. Wenye walibeba Sun Belt ni Troy, wale walirushiwa mpira wa sala, wakimaliza na ushindi 12 na vichapo 2 pekee. Septemba inakupa jina. Kulinda jina hadi Desemba ni kazi ingine.

Kuna noma ingine: ukiwaka, mababi wanakuja kwa boma. Curt Cignetti alijenga James Madison, halafu Indiana wa Big Ten wakamchukua mwisho wa 2023, na wachezaji kadhaa wakamfuata. 2025 huyo msee alibeba ubingwa wa Big Ten na Indiana. Ungedhani James Madison wamekufa. Wapi! Mwaka huo huo walibeba Sun Belt na wakaingia kwa timu 12 zenye hucheza gemu za ubingwa wa nchi. Oregon wakawachapa 51-34, ni sawa, lakini walikuwa ndani, na konferensi kibao za wakubwa zilikuwa na timu zimekaa nyumbani zikicheki TV.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema Sun Belt ni ligi ya makombo, mwambie alete hesabu. Dola milioni 4 na zaidi, usiku mmoja, mababi watatu chini, na kochi mmoja bila kazi. Na kama unataka kushika hii kitu mwenyewe, anza Septemba, usingoje Super Bowl. Gemu za kwanza za Jumamosi huanza saa moja jioni ya Nairobi, na za mwisho zinakupeleka hadi asubuhi. Tafuta ile yenye timu kubwa imelipa timu ndogo ikuje, na usiende kulala kabla robo ya mwisho.